ANWANI YA WASIFU WA KAZI MTANDAONI: NAMNA YA KUIPATA NA KUIPA JINA LINALOFAA

Fomu nyingi za maombi ya kazi, ya masomo na ya mafunzo ya muda mfupi siku hizi huwa na nafasi mbili ambazo zamani hazikuwapo. Moja ni ya barua pepe. Ya pili ni ya anwani ya ukurasa wa wasifu wa mwombaji katika mtandao wa watu wa kazi, na aghalabu mtandao unaokusudiwa ni LinkedIn. Nafasi ya kwanza hujazwa bila ya taabu. Ya pili huachwa wazi, au hujazwa kwa makosa, na kosa kubwa ni hili: mwombaji hufungua LinkedIn katika kompyuta, akanakili anwani yoyote anayoiona juu ya kioo, nayo ikawa ni ile ya ukurasa wa mbele inayoishia na neno "feed". Anwani hiyo si ya mtu maalumu. Afisa anayepokea maombi akiifungua atauona ukurasa wake mwenyewe, na mwombaji atabaki hajulikani.

Maelezo haya yanakusudiwa watumishi wa Serikali na wakaazi ambao wamekwisha kuwa na ukurasa katika mtandao huo, au wanafikiria kuufungua, lakini hawajui anwani yao iko wapi wala kwamba wanaruhusiwa kuiandika upya. Mfano uliochukuliwa ni wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, Tanzania Bara. Huenda msomaji wa Unguja au Pemba akajiuliza kwa nini aende mbali kiasi hicho. Sababu ni majina.

JINA MOJA, WATU WENGI

LinkedIn ilianzishwa California, Marekani, mwishoni mwa mwaka 2002, ikafunguliwa kwa watu wote tarehe 5 Mei 2003. Mwaka 2016 ilinunuliwa na kampuni ya Microsoft, na mwaka 2023 ilitangazwa kuwa wanachama wake wamepindukia bilioni moja. Kila mwanachama hupewa ukurasa wake, na kila ukurasa hupewa anwani ambayo haifanani na nyengine yoyote duniani. Watu elfu wanaweza kuitwa jina moja, lakini anwani mbili haziwezi kuwa sawa. Kwa hivyo mtu anapojiandikisha, mtambo huchukua jina lake, ukalitenganisha kwa vistari, kisha ukalifungia mkia wa tarakimu na herufi zisizo na maana yoyote kwa mwenyewe. Mkia huo ndio unaomtofautisha na wenzake, na mkia huo ndio unaokosewa pale anwani inaponakiliwa kwa mkono kutoka karatasi moja hadi nyengine.

Mkoa wa Simiyu unaonesha jambo hili waziwazi. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012. Sehemu kubwa ya ardhi yake, yaani Bariadi, Maswa na Meatu, ilitoka Mkoa wa Shinyanga, na Busega ilitoka upande wa Mwanza. Itilima ni wilaya iliyomegwa kutoka Bariadi. Kwa hesabu ya Sensa ya mwaka 2022 mkoa huo una watu 2,140,497, nao ni wengi kuliko wakaazi wote wa Zanzibar, ambao katika sensa hiyo walihesabiwa 1,889,773. Wengi wa watu wa Simiyu ni Wasukuma, na Wasukuma wana utaratibu wao wa majina. Wakizaliwa pacha, wa kwanza huitwa Kulwa na wa pili Doto, na mtoto anayewafuatia huitwa Shija, bila ya kujali ni wa kiume au wa kike. Ukiongeza majina kama Masanja, Maduhu, Ngassa, Limbu na Nyanda, yaliyoenea katika ukanda huo wote, itafahamika kwamba anayemtafuta mtu aitwaye, kwa mfano, Kulwa Masanja, hatakutana na mtu mmoja. Atakutana na safu ya watu, wanaume na wanawake, na hapana kitu katika jina kitakachomwambia yupi ndiye.

Tuchukulie muuguzi mwenye jina hilo aliyeomba nafasi ya mafunzo nje ya mkoa. Hakuandika anwani ya ukurasa wake. Aliandika jina tu, akitumaini kwamba atatafutwa. Anayepitia maombi akatafuta, akafungua ukurasa wa kwanza uliotokea, akaona mfanyabiashara wa pamba. Hatapoteza muda kutafuta wa pili. Muuguzi huyo atakosa nafasi bila ya kujua sababu, na atadhani kwamba vyeti vyake havikutosha.

Visiwani hali si nyengine. Kila shehia ina Juma Khamis wake, Said Ali wake na Asha Hamad wake. Mila ya kuandika majina matatu, la mtu mwenyewe, la baba na la babu, inasaidia sana, na ndiyo mila ambayo watu wengi huiacha pale wanapofungua ukurasa mtandaoni, kwa kuwa fomu ya LinkedIn inauliza jina la kwanza na la mwisho tu. Jina la kati linaweza kuandikwa pamoja na la kwanza. Fomu haikatai.

MAANDISHI YA JINA

Kabla ya kugusa anwani, mtu na ahakikishe jinsi jina lake linavyoandikwa. Kisukuma kina sauti zinazoandikwa kwa ritifaa, kama katika jina la Ng'wandu, ambalo wengine huliandika Ngwandu na wengine Mwandu. Hata Ng'wanamalundi, mtu mashuhuri katika masimulizi ya Usukuma, maandishi mengi ya Kiswahili humwita Mwanamalundi, na kila msomaji akajua ni yeye. Mtambo haujui. Kwa mtambo, herufi moja ikibadilika, mtu amebadilika. Visiwani kuna Khamis na Hamisi, Ramadhan na Ramadhani, Hamad na Hamadi. Skuli iliandika hivi, kituo cha afya kikaandika vile, na mwenye jina akaishi na yote mawili.

Anwani ya LinkedIn haipokei ritifaa, nafasi wazi wala alama nyengine za maandishi, isipokuwa kistari kifupi. Kwa hivyo Ng'wandu katika anwani atakuwa "ngwandu", ingawa katika jina linalosomeka juu ya ukurasa ritifaa yake inaweza kubaki. Herufi kubwa na ndogo hazina tofauti katika anwani.

La kufuata ni maandishi ya vyeti. Jina lililo katika cheti cha kidato cha nne na katika kitambulisho ndilo liwe katika ukurasa na katika anwani, hata kama nyumbani na mtaani mtu anajulikana kwa jina jengine. Vyeti vyenyewe vikipingana, ukurasa wa mtandao hautaviunganisha. Hilo ni suala la kisheria, na linaanzia kwa wakala wa usajili unaohusika, RITA kwa Tanzania Bara na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa Zanzibar. Mwanamke aliyechukua jina la mume, kama wafanyavyo baadhi ya wenzetu wa Bara, naye atazame vyeti vyake vinasemaje kabla ya kuchagua.

Wenye asili ya Simiyu wana jambo lao jengine. Aliyezaliwa au kusomea Bariadi kabla ya mwaka 2012 ana karatasi zinazosema Mkoa wa Shinyanga, na wa Busega zinasema Mwanza. Karatasi hizo ni sahihi kwa wakati wake na hazihitaji kubadilishwa. Lakini msomaji wa mbali anaweza kushangazwa akiona cheti kinasema Shinyanga na ukurasa unasema Simiyu. Sentensi moja katika maelezo mafupi ya ukurasa, inayoeleza kwamba Bariadi ilikuwa ndani ya Shinyanga hadi mkoa mpya ulipoundwa, inatosha kuondoa shaka hiyo.

KUIPATA NA KUIBADILISHA

Kwa anayetumia kompyuta, kazi ni ya dakika chache na haina malipo. Baada ya kuingia, mtu abonyeze picha yake ndogo iliyo juu ya ukurasa, penye neno "Me", kisha achague "View Profile". Ukurasa wake wenyewe utafunguka, na anwani inayosomeka juu ya kioo wakati huo ndiyo anwani yake. Inaanza na linkedin.com, ikifuatiwa na alama ya mkwaju, herufi "in", mkwaju mwengine, na baada ya hapo jina lenye mkia uliotajwa. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo pekee inayoweza kubadilishwa.

Upande wa kulia wa ukurasa huo pana maneno "Public profile & URL" na alama ya kalamu. Kalamu ikibonyezwa, hufunguka ukurasa mwengine, ambao juu yake, upande huo huo wa kulia, umeandikwa "Edit your custom URL". Pale pana kalamu nyengine. Ikibonyezwa, sehemu ya mwisho ya anwani huwa tayari kuandikwa. Mtu aandike anachotaka, kisha abonyeze "Save". Ikiwa jina hilo limeshachukuliwa na mtu mwengine popote duniani, mtambo utamwambia hapo hapo, naye atajaribu jengine. Aliyetangulia ndiye mwenye haki. Hapana mlango wa kudai kwamba jina hilo ni la ukoo wako.

Kwa simu ya mkononi, mtu aguse picha yake, afungue ukurasa wake, aguse vitone vitatu vilivyo chini ya jina, na achague "Contact info". Anwani itaonekana hapo na inaweza kunakiliwa. Kuibadilisha ni rahisi zaidi kwa kompyuta, au kwa kufungua LinkedIn kupitia kivinjari cha simu badala ya programu yake. Mpangilio wa vitufe hubadilishwa na kampuni mara kwa mara, kwa hivyo asiyekiona kitufe mahali palipotajwa akitafute karibu na hapo kabla ya kukata tamaa.

Sehemu inayoandikwa isipungue herufi 3 wala isizidi 100. Fauka ya hayo, mwanachama haruhusiwi kubadilisha anwani zaidi ya mara tano ndani ya miezi sita, idadi ambayo kwa mtu aliyetulia ni kubwa mno. Ukweli ni kwamba mara moja inatosha, na zaidi ya hapo ni hasara, kwa sababu anwani ya zamani iliyokwisha kuandikwa katika barua na fomu haifai kutegemewa kuwa itaendelea kumfikisha mtu.

LA KUANDIKA NA LA KUACHA

Jina peke yake, kwa ukamilifu wake, ndilo bora. Aliyekuta "kulwamasanja" limechukuliwa na aandike majina yake matatu. Yakiwa nayo yamechukuliwa, aongeze kistari na herufi ya kwanza ya jina la babu, au aanze na jina la ukoo. Njia hizi zinaonekana za kawaida sana, na kawaida yake ndiyo faida: mtu anayesomewa anwani kwa simu kutoka Bariadi hadi Chake Chake ataiandika bila ya kuuliza mara mbili.

Cheo kisitiwe. Wapo wanaoona fahari kuandika "mhasibu" au "afisakilimo" pamoja na jina la wilaya. Mtumishi wa umma huhamishwa, hupandishwa daraja, hubadilishiwa kada, na mwisho hustaafu. Aliyejiita mhasibu wa Maswa atafanya nini akihamishiwa Meatu, au akiwa mkaguzi? Cheo kina mahali pake ndani ya ukurasa, na pale kiandikwe kama kilivyo katika barua ya uteuzi, bila ya kuongezwa. Kwa mtu wa biashara binafsi, tuseme muongoza watalii wa Lamadi, karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, shughuli yake inaweza kuingia katika anwani ikiwa ndiyo kazi anayokusudia kuishi nayo. Hata yeye angefanya vyema kufikiri mara mbili.

Mwaka wa kuzaliwa usitiwe kabisa. Wengi huuongeza pale jina linapokuwa limechukuliwa, kwa kuwa ndio tarakimu za kwanza zinazowajia kichwani. Namba ya kitambulisho cha taifa kinachotolewa na NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa kwa mwenyewe. Anayetangaza tarehe yake ya kuzaliwa kwa ulimwengu mzima amekwisha kutoa karibu nusu ya namba hiyo. Namba yenyewe ya kitambulisho, namba ya hundi ya mshahara na nakala za vyeti visiwekwe katika ukurasa wowote wa wazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini sheria haiwezi kukirudisha kilichotolewa na mwenyewe kwa hiari yake.

Lipo jengine linalohitaji tahadhari zaidi ya yote hayo, nalo halihusu herufi. Bariadi, kama ilivyo Wete na Mkokotoni, mtu asiye na kompyuta huenda katika duka la vifaa vya afisi, akamlipa kijana wa dukani amjazie fomu zake. Ni huduma nzuri na ya lazima. Lakini wakati mwengine ukurasa hufunguliwa kwa barua pepe ya dukani na neno la siri la dukani. Mwenye jina anaondoka na karatasi, na mwenye duka anabaki na ufunguo. Siku mteja akitaka kubadilisha anwani, au duka likifungwa, hana la kufanya, na pengine hata barua ya kuitwa kwenye usaili ilishafika asiione. Hapana ubaya wa kuandikiwa na mwengine. Barua pepe, namba ya simu na neno la siri ndivyo viwe vya mwenyewe, na aliyefunguliwa kwa njia ya zamani abadilishe sasa, akiwa bado anaweza kumpata kijana yule.

Kadhalika mtumishi asitumie barua pepe ya Serikali kufungulia ukurasa huu. Barua pepe ya afisi ni ya afisi. Akihama au kustaafu itafungwa, na ukurasa utafungika nayo.

UKURASA UNAOONEKANA

Anwani nzuri inayofungua ukurasa uliofichwa haina kazi. Katika ukurasa ule ule ambapo anwani hubadilishwa pana orodha ya vitu vinavyoweza kuoneshwa au kufichwa kwa watu wasio wanachama: picha, maelezo mafupi, kazi za sasa na za zamani, elimu. Mwenyewe achague. Kwa anayetafuta kazi, angalau jina, kazi ya sasa na elimu vionekane. Baada ya kuhifadhi, aandike anwani yake katika simu ya mtu mwengine ambaye hakuingia LinkedIn, aone kinachotokea. Wakati mwengine mtandao humtaka mgeni ajiandikishe kwanza, na hilo haliwezi kuzuiwa; ndiyo maana wasifu wa karatasi bado unahitajika.

Inafaa pia ifahamike kwamba ukurasa wa LinkedIn haumwombei mtu kazi Serikalini. Nafasi zinazosimamiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huombwa kupitia Ajira Portal, na zile za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kwa utaratibu wake wenyewe. Mifumo hiyo ina wasifu wake unaojazwa upya kwa namba za vitambulisho na vyeti vilivyothibitishwa, na maombi yake hayalipiwi. Anayemwandikia mtu kupitia LinkedIn akimwahidi nafasi ya Serikali kwa malipo ya fomu au ya usaili ni tapeli, hata kama ukurasa wake una picha ya jengo la wizara.

Anwani ikishakuwa tayari, iandikwe kwa ufupi wake, kuanzia linkedin.com, katika kichwa cha wasifu wa karatasi chini ya namba ya simu, na mwishoni mwa barua pepe. Aliyekwisha kuchapisha kadi zenye anwani ya zamani asiibadilishe leo. Azigawe kwanza ziishe, au akubali kuzitupa, kisha ndipo abadilishe, na siku hiyo hiyo awaandikie wale aliowapelekea maombi ambayo bado hayajajibiwa.